Nepi Ilianzia Mezani

Jina la utani nililopewa kazini mwaka 2003 ni Kaka Nepi, na nililitafuta mwenyewe.

Ilikuwa siku yangu ya pili katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Dar es Salaam. Shati la kuazima, viatu vinabana, Kiingereza cha kidato cha nne. Wakati wa chai ya asubuhi nikapangiwa meza sita za upande wa baharini. Moja ilikuwa na familia ya Waingereza: babu, bibi, binti yao, na mtoto wa mwaka mmoja hivi kakalishwa kwenye kiti kirefu, uso mzima papai. Bibi akaniita kwa upole, akaomba kitu. Katika maneno yake yote nilidaka moja: nepi. Nikamtazama mtoto. Nikaona nimeelewa. "Yes, madam," nikatoka mbio.

Nilikwenda hadi chumba cha dobi, nyuma ya jiko, nikamweleza dada wa zamu kwamba kuna mtoto wa mgeni kajichafua. Dada akaguna, akapekua rafu ya vitu vilivyosahauliwa na wageni, akanipa nepi moja ya taulo, nyeupe pe, imefuliwa na kupigwa pasi. Tulikuwa tumeonywa kwamba mgeni hapelekewi kitu mkononi, kila kitu lazima kipande trei. Basi nikaipandisha trei, nikainyoosha pembe, nikarudi nayo kifua mbele, nikainama kidogo mbele ya bibi.

Alichokuwa ameomba ni napkin. Kile kitambaa cha kufutia mdomo ambacho wenzangu wazoefu walikiita nepikini, na ambacho mimi nilikuwa bado sijafundishwa hata kukikunja.

Babu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Binti akaficha uso. Bibi alikuwa muungwana: aliichukua ile nepi, akamfuta mtoto papai mdomoni, akaikunja, akasema asante. Msimamizi wangu hakuwa muungwana, lakini hayo yameshapita. Kufikia chakula cha mchana hoteli nzima, kuanzia mlinzi wa geti hadi mpishi wa keki, ilikuwa inaniita Kaka Nepi.

Naileta habari hii kwa sababu miaka mingi baadaye, trei nimeshaiacha na ninakula kwa kutafsiri na kuhariri, nilikuwa natafuta neno lingine kabisa katika kamusi ya Kiingereza nikakutana na "nappy", ile iliyotuzalia nepi. Maelezo yake yalikuwa mafupi: ni kifupisho cha napkin. Yaani nepi ni nepikini iliyokatwa mkia. Kabla ya karne ya 20 kuifupisha, mama wa Kiingereza aliyekuwa akimbadilisha mwanawe alikuwa anamfunga napkin, neno lilelile la mezani, kitambaa cha aina ileile. Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikampigia simu yule dada wa dobi, ambaye siku hizi ana duka lake Tegeta, nikamwambia hatukukosea. Akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo neno hili limenikaa. Nimelifuata nyuma kadiri nilivyoweza, na kila nilipofika nilikuta limetoka mezani kwenda mahali pengine penye unyevunyevu.

Tuanze na umbo lake. Napkin ni vipande viwili. Cha kwanza ni "nape", Kifaransa cha zamani, kitambaa cha meza. Wafaransa wa leo wanaandika "nappe", na maana ni ileile, shuka la kutandika mezani. Cha pili, "-kin", ni kiambishi cha udogo ambacho Waingereza walikipata kwa majirani zao wa Uholanzi na Flanders. Kinafanya kazi ya ki- yetu katika kitoto na kijumba, ila wao wanakibandika nyuma na sisi tunakibandika mbele. Hata sauti zinakaribiana, ingawa huo ni mfanano wa bahati, wala hakuna undugu. Napkin, basi, ni kijishuka cha meza. Mtu akikutandikia shuka kubwa mezani, na akakupa kipande kidogo cha magotini, amekupa nape na mwanawe.

Nape alikuwa na mtoto mwingine, "naperon", kitambaa cha kujikinga nguo. Waingereza wakamchukua akiwa "a napron". Sasa litamke hilo haraka, kama mtu mwenye sufuria mkononi. Ile n haijulikani ni ya neno au ni ya kitangulizi. Vizazi kadhaa vikapita, wakakubaliana kwamba ni ya kitangulizi, wakaandika "an apron". Ndiyo aproni anayovaa fundi seremala, mama lishe, na mimi mwenyewe kwa miaka minne. N yake imebaki mlangoni.

Msomaji wa Kiswahili asiwacheke, maana sisi ni mabingwa wa mchezo huo. Waarabu walituletea kitabu, ki yake ikiwa ni sehemu ya shina, tukaona ki, tukasema vitabu. Barabarani palikuwa na kibao cha Kiingereza cha kumwambia dereva ashike kushoto, tukapata kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Ninayoipenda kuliko zote ni madigadi, kile kibati cha kuzuia tope kwenye gurudumu la baiskeli. Neno liliingia zima kutoka Kiingereza, ma- ikiwa ya kwao, lakini sikio la Kiswahili likasikia wingi, na kwa kuwa kila wingi una umoja wake, tukakata ma- tukapata digadi. Digadi na aproni ni ndugu wa ajali moja: kila mmoja kapotezea kichwa mikononi mwa watu waliokuwa wanaongea haraka.

Na kabla sijaondoka kwa nape: jina la ukoo la Napier, la Uingereza na Uskoti, asili yake ni kazi. Lilikuwa la mtu aliyetunza vitambaa vya meza katika nyumba ya bwana mkubwa. Mmoja wa ukoo huo, kanali aliyekuwa Bulawayo, ndiye aliyepewa heshima ya jina la yale majani marefu ya ng'ombe. Sisi Tanzania tunayaita mabingobingo, lakini mfugaji wa Kenya anayaita nepia. Kwa hiyo ng'ombe wa Kiambu kila jioni anatafuna mtunza vitambaa. Hili halina faida yoyote kwa mtu, ila nilipoligundua nilifurahi siku nzima.

Nape yenyewe ilitoka wapi? Kilatini, "mappa". Wafaransa wa zamani walikuwa na tabia ya kuigeuza m ya mwanzo kuwa n katika maneno fulani, na mappa ikageuzwa hivyo. Mappa ilikuwa kitambaa cha mezani cha Warumi, na hapa ndipo kisa kinaponikaa vizuri zaidi, kwa sababu Warumi wenyewe walijua kwamba neno si la kwao. Quintilian, mwalimu wa balagha aliyefundisha Roma katika karne ya kwanza, ameandika kwamba mappa, neno lililozoeleka hata kwenye uwanja wa mashindano, Wakarthago wanalidai kuwa lao. Karthago ni pale karibu na Tunis ya leo. Lugha yao ilikuwa ya jamii ya Kisemiti, binamu wa Kiarabu na Kiebrania. Roma iliubomoa mji huo mwaka 146 kabla ya Kristo, ikawauza watu wake utumwani, na kitambaa cha kufutia mdomo kikaendelea kuitwa kwa lugha ya waliobomolewa.

Kwa hiyo ukimkubali Quintilian, nepi ni neno la Afrika lililozunguka kupitia Italia, Ufaransa na Uingereza, likarudi Afrika likiwa na pini.

Pale uwanjani mappa ilikuwa na kazi ya heshima. Magari ya farasi yakishapangwa, mkubwa wa michezo alishika kitambaa cheupe juu, watu wote macho kwake, akakiachia, mbio zikaanza. Kazi hiyo ilidumu karne nyingi. Kuna kibao cha pembe ya ndovu cha mwaka 517 kinachomwonyesha Anastasius, konsuli wa Konstantinopoli, amekaa kwenye kiti chake cha enzi na mkono umeinua kitambaa kilichokunjwakunjwa. Ukikitazama bila kujua utadhani anaita mhudumu.

Wasomi wa Ulaya wa zama za kati nao waliichukua mappa wakachorea dunia. "Mappa mundi", kitambaa cha ulimwengu, wakafupisha, na leo Mwingereza anaita kitambaa kile map. Sisi hatukupitia njia hiyo. Ramani yetu ilikuja na manahodha. Asili yake ni Kiajemi, "rahnama", kionyesha njia, na ilikuwa daftari la rubani wa baharini kabla haijawa mchoro wa ukutani darasani. Wao dunia waliikuta mezani, sisi tuliikuta chomboni.

Lakini nirudi kwenye karamu ya Kirumi, maana kwa mtu aliyewahi kuhudumia shughuli, ni nyumbani. Mgeni wa Kirumi alikuja na mappa yake mwenyewe kutoka kwake. Alifutia mdomo na vidole, na mwisho alifungia chakula cha kubeba. Hilo halikuwa aibu, mradi usizidishe. Kulikuwa na wazidishaji. Mshairi Martial anamsema mmoja aitwaye Caecilianus aliyekuwa anafagia kila kinachowekwa mezani, nyama, samaki, ndege, anavisokota katika mappa inayochuruzika mchuzi, anampa mtumwa wake apeleke nyumbani, na wageni wenzake wanabaki wanatazamana. Nani hamjui Caecilianus? Nimehudumia harusi nyingi, na kila moja ilikuwa naye. Alikuwa anakuja na rambo mbili kwenye mkoba, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019 anakuja na kontena lenye mfuniko. Njaa hana. Pilau la bure ndilo linalomnyima usingizi.

Vitambaa vyenyewe viliibwa pia. Martial huyohuyo ana shairi la mtu anayeitwa Hermogenes, mwizi wa mappa, hodari kiasi kwamba watu waliacha kuja na vitambaa kwa kumhofia. Hermogenes alipokosa cha kuiba akachukua shuka la meza. Hata uwanjani, mkubwa wa michezo alipotaka kuangusha mappa mbio zianze, Hermogenes alikuwa ameshapita nayo. Na zaidi ya miaka 100 kabla ya Martial, Catullus alimwandikia shairi Asinius Marrucinus, aliyekuwa akitumia mkono wa kushoto kunyakua vitambaa vya wenzake wakiwa wamenogewa na mvinyo. Rudisha kitambaa changu, anamwambia, au subiri mistari 300. Kitambaa kilikuwa cha kitani kutoka Saetabis, Hispania, zawadi ya marafiki zake Veranius na Fabullus, ndiyo maana kilimuuma. Mistari 300 ya kumchamba mtu kwa ajili ya leso! Mshairi wa mipasho wa Tanga angemwelewa bila mkalimani.

Nimesema leso, na sikusema kwa bahati mbaya. Neno alilotumia Catullus kwa vile vitambaa vilivyoibwa ni "lintea", vitu vya kitani. Umoja wake, "linteum", ulikaa Ureno ukawa "lenço", kitambaa cha mkononi. Wareno wakaja nalo kwenye pwani yetu, walikofika mwaka 1498 na kung'olewa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Katika miaka 200 hiyo walituachia misiba, mizinga, na vifaa vya nyumbani. Meza ni "mesa" yao, nayo ni "mensa" ya Kilatini, ileile ambayo Hermogenes aliivua shuka. Foronya ya mto ni "fronha". Kasha ni lao, almari ni yao, na hata karata tunazochezea, shupaza na kopa, zina majina yao. Na leso.

Hapo ndipo leso ikagawanyika njia panda. Kwetu Tanzania leso ni kitambaa cha mfukoni, cha kufutia jasho na mafua. Mombasa leso ni khanga. Nilipokwenda kwa shangazi yangu Kisauni kwa mara ya kwanza, mwezi wa pili, joto la kupasua, nikamwomba leso nijifute uso. Akaniletea leso. Doti nzima, yenye jina, na akaniuliza nataka na kisuto pia au hiyo yatosha. Nikajifuta pembeni, nikaona haya kulowesha maneno ya watu.

Wote wawili tuna haki. Husimuliwa kwamba khanga ilizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, pale wanawake wa pwani walipoanza kununua vile vitambaa vya mkononi vilivyopigwa chapa vikiwa bado havijakatwa, sita kwa pamoja, wakavigawa vitatu vitatu na kuvishona kimoja juu ya kingine, wakapata nguo pana ya kujifunga. Baadaye wenye maduka wakaagiza nguo nzima yenye pindo na mji. Duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa Mali ya Abdulla, lilianza Mombasa mwaka 1887. Mombasa walishika jina la mzazi, sisi tukaita kitu kipya jina la ndege. Kipande cha kufutia mikono kikapanda mwili mzima.

Si leso peke yake iliyofanya hivyo. Waajemi wana "dastmal", dast ni mkono na mal ni kusugua, kitambaa cha kufutia mikono na mdomo. Kwetu likaja dusumali, na dusumali ni kitambaa cha hariri chenye mistari ambacho mabibi wa pwani walikuwa wakifunga kichwani. Kilikuja kufuta mikono, kikaishia juu ya nywele. Na kichwa, tukubaliane, ni hatima nzuri kuliko aliyopata nepi.

Wakristo wenzangu wanaweza kuthibitisha ujirani wa maneno haya wakifungua Biblia. Ya Kiingereza ya mwaka 1611, penye Luka 19:20, yule mtumwa mwovu aliyepewa fedha azifanyie biashara anasema aliiweka katika napkin. Ya Kiswahili, Union Version, inasema leso. Kaburini, Yohana 20:7, kile kitambaa kilichokuwa kichwani pa Bwana ni napkin kwa Mwingereza na ni leso kwetu. Watafsiri walitua leso kila mahali, na mimi naona walitua vizuri. Hasa pale kwa mtumwa. Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuwa na mkoba. Pesa yake yote ilikaa kwenye pindo la khanga, fundo gumu kama kokwa, na ukitaka akupe ya daftari ulilazimika kusimama ukisubiri alifungue kwa meno. Alikuwa hajui kwamba anafanya kosa la Luka 19. Kwa msomaji wa Lamu au Mombasa aya ile haihitaji mahubiri: jamaa alifunga hela kwenye leso, kama kila mtu.

Sasa, kitambaa kilitokaje mdomoni hadi kule kwingine?

Kilipita usoni. Katika Kiingereza cha zamani napkin ilikuwa pia leso ya mfukoni. Shakespeare anaitumia hivyo bila kufikiri mara mbili. Ile leso ya Desdemona inayomtia Othello wazimu, yenye michoro ya stroberi, zawadi ya kwanza ya mume kwa mke, kuna mahali inaitwa handkerchief na mahali inaitwa napkin. Na katika Juliasi Kaizari, ile tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, Antonio anapowachochea Warumi juu ya maiti ya Kaizari, anawaambia wangeusikia wosia wa marehemu wangekwenda kuchovya napkin zao katika damu yake. Ukijua Kiswahili cha leo, huwezi kusoma mstari huo kwa Kiingereza ukabaki na uso wa msiba.

Kutoka usoni, kushuka hakukuwa kugumu. Kitambaa cha kitani au pamba, mraba, chenye kufyonza, kinachostahimili kuchemshwa: nyumba iliyokuwa navyo vya mezani ilikuwa navyo vya mtoto. Karne ya 19 Mwingereza alikuwa na napkin ya baba sebuleni na napkin ya mtoto chumbani, na alitegemea wasaidizi wasichanganye. Baadaye neno la mtoto likapata jina lake la kudekeza, nappy, na likaja kwetu na wamisionari, wakunga na maduka. Sisi tulimchukua mtoto pekee. Baba yake, napkin wa mezani, tulikutana naye hotelini akiwa tayari mtu mzima, ndiyo maana siku ile sikumtambua.

Wamarekani, ukidhani wamenusurika na mkanganyiko huu, wako palepale. Daipa yao ilikuwa jina la nguo ya kitani iliyofumwa kwa vijialmasi vidogovidogo, nguo ya mezani ya watu wenye nazo. Shakespeare tena: katika utangulizi wa mchezo wake mmoja, bwana mkubwa anapanga watumishi wamfanyie mlevi mzaha wa kumwamsha kana kwamba naye ni bwana mkubwa. Mmoja ashike beseni la maji ya waridi, wa pili ashike birika, na wa tatu ashike "diaper", wamuulize kama angependa kupoza mikono. Ni kunawishana kwetu kabisa, birika, tasa na taulo begani kwa mnawishaji. Na taulo hilo ni daipa. Kwa hiyo nepi na daipa, maneno mawili ya pande mbili za Atlantiki, yote yalikuwa yakifuta mikono ya wageni kabla hayajapewa kazi ya usiku. Pampasi peke yake haina historia ya mezani. Ilizaliwa kiwandani Marekani mwaka 1961, jina la biashara tangu siku ya kwanza, nasi tukaligeuza jina la jumla.

Waingereza walivyo, hata hapa walipata pa kubaguana. Mwaka 1954 profesa Alan Ross alichapisha makala katika jarida la Helsinki akionyesha maneno yanayomtofautisha mtu wa tabaka la juu na anayejitahidi kuonekana hivyo, na mwandishi Nancy Mitford akaipigia debe mwaka uliofuata. Wa juu walisema napkin. Waliosema "serviette", neno la Kifaransa, walijiumbua. Nadhani waliojiumbua walikuwa wanakimbia harufu ya chumba cha mtoto, na mimi nisingewalaumu. Kichekesho ni kwamba Nairobi na Dar mambo ni kinyume: anayeomba savieti ndiye anayeonekana amestaarabika, anayeomba tishu ni sisi wengine, na kwa mama ntilie unapewa robo ya karatasi ya chooni iliyokatwa kwa uangalifu, imepangwa kwenye glasi kama maua. Inafuta vizuri tu.

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga kwa mama. Sebule yake haijabadilika. Makochi yana vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, redio ina chake, kabati lina chake, hata kitambaa cha kufunika kitambaa kipo. Nilimsimulia kwamba vile vya mgongoni mwa kochi Waingereza waliviita kwa jina la mafuta ya nywele ya Macassar, kwa sababu wanaume wa karne ya 19 walijipaka wakachafua viti. Hilo alilielewa mara moja. "Kama baba zako wadogo wakati wa kalikiti," akasema. "Nilifua mpaka vidole vikachubuka."

Nikapata moyo, nikaendelea. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mimi nakula mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga kwenye stuli. Nikampa yote: Karthago, Roma, mwizi wa vitambaa, aproni, leso, Luka. Hakuinua macho. Nilipofika kwenye nepi akaniuliza, "Na kazi hii wanakulipa?" Nikasema wakati mwingine.

Hapa lazima nieleze kitu kidogo. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, mama alikuja Dar kumwogesha mzazi na mtoto, na alikuja na dazeni ya nepi za taulo na pini zake, ingawa nilimwambia tuna pampasi. Arobaini nzima alizifua kwa mkono, akazichemsha, akazianika kwa mstari ulionyooka kama gwaride. Hakukubali mashine. Alipoondoka alizibeba zote, maana mke wangu hakuonyesha dalili ya kuzithamini. Mtoto huyo sasa yuko kidato cha pili.

Mihogo ikaisha. Vidole vilikuwa vimejaa nazi na mafuta ya samaki, nikachukua kitambaa cheupe kilichokuwa kimekunjwa pembeni ya sahani, laini kwa kufuliwa, nikajifuta mdomo, nikamalizia mikono, huku naendelea kumweleza jinsi neno lilivyotoka mezani likaenda kwa watoto na kamwe lisirudi.

Mama akaupepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka.

"Halikurudi?" akasema. "Na hicho ulichojifutia, mwanangu, unadhani ni nini?"